Matusi ya Mzee Majidi

Najiat binti Idrisa ametengeneza tovuti miaka kumi na mmoja sasa, katika chumba kimoja cha Mtendeni, na ukimuuliza kazi hiyo ikoje atakwambia kujenga si kazi, kazi ni kulea. Programu anayotumia ni huria. Haiuzwi, watu wa dunia nzima wanaichangia, na kila wiki wanaibadilisha. Wakishaibadilisha huko waliko, yeye hapa Tabora anakuta ukurasa wa shule umepinda, picha za nyumba ya wageni hazionekani, na muuza asali anapiga simu kulalamika kwamba amesahau nywila kwa mara ya tisa. Najiat amechoka. Si uchovu wa kulala ukaisha, ni ule wa kukaa mbele ya kompyuta na kuombea umeme ukatike.

Tovuti moja tu alikuwa bado anaipenda, ya watu wa Igalula waliotawanyika nchi nzima. Humo hutangazwa mvua, arusi na misiba, na chini ya kila tangazo watu huandika maoni yao. Mwaka juzi vijana walianza kutukanana humo kwa ajili ya mpira, mbwa wewe, mbwa mwenyewe, mpaka wazee wakaja juu. Najiat akatunga orodha ya maneno mabaya: mbwa, nguruwe, mchawi, mzoga, na mengine ambayo msomaji anayajua bila kuambiwa. Oni lolote lenye neno la kwenye orodha lilitupwa moja kwa moja kwenye takataka, Najiat mwenyewe hata haarifiwi, na baada ya siku thelathini takataka ilijimwaga yenyewe. Alishusha pumzi. Angalau mzigo mmoja ulikuwa umempungua.

Asubuhi moja akaingia mama mmoja mwenye kitenge cheusi. Alikuwa Koleta, mjane wa Mzee Kasimiri, aliyekuwa fundi wa njia ya reli pale Igalula. Tangazo la msiba Najiat mwenyewe ndiye aliyelipandisha.

"Shikamoo mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshapoa. Jumamosi tumemaliza misa ya arobaini. Nataka unichapishie kwenye karatasi yote waliyoyaandika watu, niyaweke."

Najiat akachapa. Kurasa sita za pole, apumzike kwa amani, mbele yake nyuma yetu. Koleta akazisoma polepole, moja baada ya nyingine, kisha akazigeuza upande wa pili kana kwamba kuna kitu kimejificha huko.

"Majidi hayumo?"

"Majidi yupi, mama?"

"Mtani wetu. Mzaramo, yuko Kisarawe. Amefanya kazi na mume wangu miaka ishirini, wanatukanana tu. Miguu imemwisha, nilijua hawezi kuja. Lakini hata neno? Namba yake ilikuwa kwenye simu ya marehemu, na ile laini Nikolaus mwanangu akaitupa." Akaziweka kurasa mezani. "Watu walikaa msibani wamenuna siku tatu, hakuna mtani wa kumtukana marehemu wakacheka. Mume wangu amezikwa kama mtu asiye na mtani, Najiat. Kama mgeni aliyefia njiani."

Kutukanana. Najiat akarudi kwenye kompyuta. Alifungua takataka, mahali ambapo hakuwa amepachungulia tangu atunge ile orodha. Lilikuwamo oni moja tu, la wiki iliyopita:

"Shikamoo Mama Nikolaus. Ni mimi Majidi, anayeandika ni mjukuu wangu Tunu. Nimeandika mara tatu wiki ile ya msiba na yote yamefutwa. Nimeelewa. Kama utani wangu umewaudhi naomba mnisamehe, sote tumeumbwa kwa udongo. Sitarudia. Namba ya Tunu ni hii hapa chini."

Alilisoma mara mbili, akitafuta tusi. Halikuwamo. Mara ya tatu ndipo alipoliona: ndani ya *tumeumbwa*, kwa kuhesabu herufi, mlikuwa na *mbwa*. Programu haikujali neno linaanzia wapi. Na yale matatu ya mwanzo, yenye matusi yenyewe, yalikuwa yamepita siku thelathini. Hayakuwapo tena mahali popote.

Alimsomea. Koleta alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunika uso kwa kitenge.

"Ameniamkia," alisema. "Majidi ameniamkia shikamoo! Mtani akishakupa heshima ndiyo kwaheri hiyo. Mpigie."

Najiat akapiga kwa spika. Tunu akapokea, akampa babu yake simu. Koleta hakusubiri salamu.

"Wewe Mzaramo mla nazi! Mwenzio ameoza peke yake, hujaja hata kulala kaburini kuzuia maziko kama watani wenzio. Unaogopa nini, mchawi mkubwa wewe?"

Wakasikia kuku wa Kisarawe. Halafu mzee akaanza kulia, kilio kikavu cha wazee, bila aibu.

"Nilidhani mmenifuta, Koleta."

"Nani akufute? Hebu tukana, nisikie. Yarudie yale uliyoandika."

"Siwezi." Akavuta pumzi. "Yale niliyatunga uchungu ukiwa mbichi. Nilimtukana Kasimiri kila kitu, meno yake, mguu wake, wali wake wa mchanga. Tunu alikuwa anaandika huku anacheka, na mimi machozi yananitoka. Sasa nikiyatafuta hayaji. Nisamehe."

Wakazungumza kidogo kuhusu miguu, wakaagana. Salio la Najiat lilikuwa limekaribia kwisha, wala hakulijali. Alijua ni lazima aseme, na aliogopa. Alimkumbuka baba yake alipofariki, mtani mmoja alivyovaa kanzu ya marehemu na kudai chai, mpaka mama yake, aliyekuwa hajala siku mbili, akacheka na kuomba uji.

"Mama, ni mimi," alisema. "Mashine ndiyo imefuta, lakini orodha nilitunga mimi. Niliandika mbwa, niliandika mchawi, nikaenda zangu. Nilikuwa nimechoka, sikufikiria misiba. Nisamehe."

Koleta alikuwa anazipanga zile kurasa sita, kingo kwa kingo.

"Mashine siilaumu," alisema. "Haikuzaliwa Tabora."

Najiat alizaliwa hapo hapo Tabora, Mtendeni.