Kuku wa Shingo Tupu

Mwezi uliopita nilimpelekea dada yangu mtetea, kule Pangani. Dada haoni tena, mtoto wa jicho amemmaliza. Alikuwa ameniomba kwa simu kuku mmoja wa mbegu ya bibi yetu, amsikie akitetea mlangoni. Nikamtia kuku tengani, nikaenda. Dada alimtoa, akampapasa shingo mara moja, akanirudishia.

"Huyu umemnunua wapi?"

Ngoja nikueleze, mwenzangu, maana labda wewe umekulia kwenye kuku wa maboksi. Bibi yetu aliishi Pongwe, akifuga vishingo, wale kuku wasio na manyoya shingoni. Wengi walikuwa nao, ila wa bibi walikuwa na shingo tupu kabisa, nyekundu. Kishingo akiwa na kishada kidogo cha manyoya mbele ya koo, bibi alisema huyo kachanganyika, watoto wake wengine watatoka shingo wazi na wengine wamevaa. Huyo aliingia chunguni.

Asubuhi pale palinuka pumba iliyolowekwa na chicha za nazi. Vifaranga wakianguliwa, bibi aliwamwaga kwenye ungo akatukalisha, mimi na dada, tuwachague. Mimi nilikodoa macho na bado nilikosea. Dada alifumba yake, akapitisha kidole. Safi. Safi. Kishada. Safi. Utadhani anatoa mawe kwenye mchele. Yeye aliongezewa muhogo, mimi nilipigwa kofi la kisogoni.

Siku moja jirani alikuja na jogoo lake kubwa, anataka tuchanganye. Bibi alimtazama yule jogoo juu mpaka chini, akasema bwana harusi mzuri, lakini akaoe kwao. Jirani akacheka, akamwambia, "Sema mahari yako, bi mkubwa, usinizungushe." Basi jogoo akawa anaruka ua mwenyewe, bibi nyuma yake na fagio. Akimpata mtetea wetu, mayai ya mtetea yule tuliyala mpaka bibi aridhike kwamba damu ya mgeni imekwisha. Ndipo aliporuhusiwa kuatamia tena.

Dada alipochumbiwa, kila mtu alijua kuku ni wake. Bibi akanipa mimi. Alisema dada anakwenda kwenye uwanja wa watu, wenye majogoo ya watu, mimi bado nipo nyumbani. Dada aliitikia, "Sawa, bibi," akaendelea kusuka ukili. Nilijua nani anastahili. Nililipokea tenga.

Nilikaa nao miaka mingi, nikahama nao mpaka hapa Nguvumali. Ningependa kukwambia walikufa kwa kideri. Kideri kilipita na wao wakabaki. Ni mimi. Wajukuu waliniletea jogoo chotara, mzito, wakanisifia mayai na nyama, nami nikamwachia uwanja. Vifaranga walipotoka na vishada nikasema ni wale wale tu. Baadaye hata shingo zikavaa. Nilikuwa naona. Makofi yote yale yalikuwa yamenifundisha kuona. Dada aliponiomba kuku, nilienda kununua kishingo sokoni, nikanyamaza, nikitegemea upofu wake.

Nilimwambia yote palepale barazani. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Kisha akasema, "Mimi niliolewa, mdogo wangu, sikufa. Ungenipa hata mayai."

Pangani nimekwenda kwenye kila harusi na kila msiba wa nyumba yake, nimebeba mchele, nimebeba sukari, nimebeba khanga. Mayai hayakunijia akilini hata safari moja. Au yalinijia, nikaogopa vifaranga wake watakuwa wazuri kuliko wangu. Siku hizi sijiamini tena katika hilo.

Nimerudi na kuku wangu. Jana mwewe alipita chini chini juu ya uwanja. Kuku wa bibi wangekuwa wameshaingia chini ya makuti kabla mimi sijakiona kivuli, na mama yao amevimba mlangoni. Hawa walisimama palepale juani, wakanitazama mimi.