Nyonga ya Chuma na Shimo la Nguzo

Mimi shule niliiacha nikiwa darasa la tano, na sioni haya kusema. Wale tulioketi nao dawati moja wakafika hadi chuo, leo wananipigia simu niwatafutie watoto wao kazi. Nilianza Masara nikibeba mawe ya dhahabu mgongoni, sasa karasha inayosaga mawe hayo ni yangu, na iliyo kando yake ni yangu pia. Mtu akifika Masara aulize tu mwenye mashine ni nani, ataonyeshwa kwa kidole. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba baba yangu alipovunjika, hakuvunjikia mikononi mwa mtu asiyejiweza.

Alivunjika nyumbani kwetu Lambwe. Ng'ombe dume alimsukuma kwenye lango la zizi, akaangukia upande. Majirani walimpaka dawa ya mizizi, wakamfunga vijiti, wakanipigia simu baadaye. Nilipofika nilimkuta kitandani, mguu wa kulia umekuwa mfupi kuliko wa kushoto, na yeye ananieleza habari za yule ng'ombe kana kwamba aliyeumia ni ng'ombe.

"Usimchinje," akaniambia. "Kosa si lake. Mimi ndiye nilisimama kwa njia yake."

Nilimtia kwenye gari yangu, tukaenda Homa Bay. Picha ikapigwa, wakasema shingo ya mfupa wa paja imekatika na kwa umri wake haitashika. Dawa yake ni kutoa kile kichwa cha mfupa na kuweka cha chuma. Wakatuelekeza kwa daktari mmoja wa mifupa kule Migori, katika hospitali ambayo sitaitaja.

Daktari huyo alikuwa na kielelezo mezani: fimbo ya chuma, juu yake mpira unaong'aa, na kikombe ambamo ule mpira unazunguka. Nikakishika, nikakizungusha. Nikamwambia, "Daktari, hii kitu naijua. Hii ni beringi. Nimebadilisha beringi nyingi kuliko wewe ulivyobadilisha nyonga."

Akacheka. "Naamini. Lakini ya kwako ikiruka unazima mashine. Huyu mzee nitamzimaje?"

Alinieleza vizuri, na nilimwelewa kuliko wanavyodhani waliosoma. Chuma chenyewe ni kigumu, hakivunjiki ovyo. Kinachokishikilia mahali pake ni nyama za paja, na nyama zile zimekatwa ili kupitisha chuma. Mpaka zipone na kukaza, ule mpira unaweza kuchomoka kwenye kikombe kwa jambo dogo tu. Nikasema weka kilicho bora. Akaweka.

Baba alisimama mapema kuliko nilivyofikiri. Kulikuwa na msichana wa mazoezi, mdogo wa umbo lakini sauti yake ilijaa wodi nzima. Baba alimwita mwalimu. Yule msichana alimfundisha kutembea na chuma cha miguu minne, kisha na fimbo mbili, kisha moja. Na kila siku alimkaririsha sheria zake kama mtoto wa chekechea.

"Mzee, goti lisipande wapi?"

"Lisipande juu ya nyonga."

"Miguu?"

"Isipishane."

"Na kitandani?"

"Nilale na mto katikati ya magoti. Kama mwanamke mja mzito."

Wodi ikacheka. Mgonjwa wa kitanda cha pili akamwuliza, "Jaduong', utajifungua lini?" Baba akamjibu, "Nikijifungua mtoto nitampa jina lako, aje na mdomo kama wako."

Jaduong' kwetu ni mzee wa kuheshimiwa. Lakini mzee wa kuheshimiwa hukaa kwenye kigoda, kile cha chini cha miguu mitatu, na hilo ndilo yule msichana alimkataza kwa ukali. Baba akamwuliza kama sasa hatakaa tena kama mwanaume. Akamjibu, "Kaa kama chifu. Chifu anakaa kiti ya juu." Baba akalipenda jibu hilo. Tuliporudi Lambwe nilimnunulia kiti kirefu chenye mikono, na mama yangu mdogo akakifungia kile kigoda ndani ya ghala. Mama yangu mzazi alikwisha kufa. Huyu ndiye mke aliyebaki.

Sasa nieleze jambo lililokuwa moyoni mwa baba, maana bila hilo hadithi hii haina maana.

Kwetu mwanamume anaweza kuwa na mali ya kujaza bonde, lakini kama hajajenga dala yake, yaani boma lake mwenyewe, bado ni mtoto katika boma la baba yake. Na dala haijengwi kwa fedha peke yake. Baba yako, kama yu hai, lazima aje kwa miguu yake asubuhi, akuonyeshe mahali pa nyumba, achimbe shimo la nguzo ya kwanza kwa mkono wake. Mwanao wa kwanza anabeba shoka, mkeo anabeba moto. Nyumba ndogo inasimama siku hiyo hiyo, moshi unatoka, na baba anarudi kwake kabla ya giza. Baba akiwa hayupo, ndugu yake anaweza kushika nafasi hiyo. Baba yangu alikuwa amezika ndugu zake wote. Alibaki peke yake, na shamba langu la Masara lilikuwa tupu, limezungushiwa ua, likimngoja.

Mke wangu ni Msabato. Aliniambia, "Baba watoto, tumwite pasta, tuombe, tuingie. Mungu haangalii nani amechimba shimo."

Nilipeleka maneno hayo Lambwe. Baba akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwambie mke wako namheshimu, na pasta wake pia. Lakini pasta hakukuzaa. Kwa nini nilikubali kuwekewa chuma, wuoda? Ulifikiri nataka kucheza mpira?"

Wuoda maana yake mwanangu wa kiume. Akaniita hivyo nikajua maneno yamekwisha.

Tulimpeleka kwanza kwa yule msichana wa mazoezi. Alimtazama akitembea kutoka mlango hadi dirisha na kurudi, akafurahi. Akasema safari sawa, kutembea sawa, ila angependa tungoje kidogo nyama zikaze. Baba akasema mvua inakuja. Ilikuwa kweli inakuja, mtu asiniambie haikuwa.

Basi siku ikafika. Nilipanga kila kitu, na kupanga ndiyo kazi yangu. Kiti cha gari niliweka mito ili baba akae juu. Kiti kirefu kilitangulia na mafundi. Niliwaonya watu wote kwamba atakayemletea mzee kigoda nitamfukuza mbele ya wageni. Choo cha kukaa nilikitengeneza mapema, cha mbao, kirefu. Hakuna kitu nilisahau, ndivyo nilivyojisifia.

Gari ilisimama nje ya lango. Baba akashuka, akatoa kofia, akairudisha. Alikataa mkono wangu. Alitembea kutoka langoni hadi katikati ya shamba kwa fimbo moja, polepole, mguu wa chuma ukifuata mwenzake bila kuchechemea. Umande ulilowesha suruali yake hadi magotini. Mke wangu alikuwa nyuma na kigae cha moto, na mwanangu, ambaye ana ndevu tayari, alikuwa na shoka begani. Nimeona dhahabu ikitoka kwenye mawe, nimeona mambo mengi mazuri. Sijaona lililofikia lile la kumwona baba yangu akitembea asubuhi ile.

Akasimama, akageuka akitazama jua linakotoka, akapiga fimbo chini. "Hapa."

Wakampa mtaimbo. Akachimba akiwa wima, taratibu, udongo ukalegea. Mafundi walikuwa wameshika nguzo tayari. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye, nikilinda kiti kirefu kama askari wa benki.

Na hapo ndipo lilipotokea. Udongo ukishalegea lazima utolewe shimoni, na mtu wa rika lake hautoi kwa jembe. Anachuchumaa, anatia mkono, anauteka. Amefanya hivyo maisha yake yote, mwili wake haukumwuliza ruhusa. Sote tulikuwa tunalinda kigoda. Hakuna hata mmoja wetu, si mimi, si mama mdogo, si yule msichana na sheria zake, aliyewahi kufikiria shimo.

Alishuka kwa wepesi wa kijana. Goti likapanda kifuani. Nikasikia mlio kama kijiti kinachovunjwa ndani ya gunia, na baba akalala ubavu, mkono wake ungali shimoni.

Mguu ulikuwa umekuwa mfupi tena. Kidole gumba kilitazama ndani. Jasho lilimtoka papo hapo, na midomo yake ikawa ya kijivu.

Mke wangu akapiga kelele, "Gari! Leteni gari!"

"Hakuna gari," baba akasema. "Shimo halijafika."

"Baba, nyonga imetoka," nikamwambia. "Twende hospitali sasa hivi, tutarudi siku nyingine."

"Siku nyingine ipi? Shimo lililoachwa wazi ni kaburi. Unataka nikuachie kaburi katikati ya dala yako?"

Mke wangu akapiga magoti kando yake. "Baba, mguu wako ni muhimu kuliko nguzo."

"Mama, huu mguu nilitengenezewa kwa sababu ya nguzo."

Nikawaambia mafundi wambebe. Wakamsogelea. Akawatazama tu, akiwa amelala chini, na wale watu ninaowalisha mimi, ambao nikisema ruka wanaruka, wakasimama. Nami pia nilisimama. Mtu mwingine aandike kwamba angefanya vinginevyo. Yule alikuwa baba yangu, na alikuwa anateka udongo kwa kiganja, akiwa amelala, akiuma mdomo wake wa chini.

Alilimaliza. Nguzo ikaingia, akaishika kwa mkono wakati wanashindilia. Nikasema sasa twende. Akasema paa. Mafundi hawajawahi kufanya kazi namna ile. Misumari ililia bila kupumzika. Tulimwekea kivuli cha turubai, mama mdogo, aliyekuja naye kutoka Lambwe, akampa maji kwa kijiko. Mabati yalipokwisha, mke wangu akawasha moto ndani huku akilia, na moshi ukapita juu ya ukuta. Baba akautazama. Ndipo akasema, "Haya. Nipelekeni kwa mwalimu wangu."

Jua lilikuwa limeanza kuteremka tulipofika hospitalini. Daktari hakugombana na mtu. Walimlaza kwa dawa ya usingizi, wakavuta mguu, ule mpira ukarudi kwenye kikombe chake. Kwenye picha kila kitu kilikuwa sawasawa, mpira unang'aa mahali pake. Nikamwambia daktari, "Umerudi vizuri."

Akasema, "Chuma kimerudi. Nangoja mguu."

Baba alipoamka wakamwambia anyanyue wayo. Akajaribu. Paja lilitetemeka, wayo ukabaki umening'inia kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye kamba. Daktari akanieleza kwamba kuna mshipa mnene wa fahamu unaopita nyuma ya nyonga, na ule mpira ukikaa nje muda mrefu unaubana. Wakati mwingine mshipa huamka baada ya miezi. Wakati mwingine hauamki. Yule msichana alikuja, akaketi kitandani, akamfanyia baba mazoezi ya wayo kwa mikono yake bila kuuliza sheria hata moja.

Wa baba haukuamka. Na nyonga, ikishachomoka mara moja, huwa imejifunza njia. Ilitoka tena akigeuka tu kitandani. Daktari alisema ingewezekana kumpasua upya na kuweka kikombe kingine, lakini moyo wake hautastahimili. Nilimwambia nitampeleka popote, hata nje ya nchi. Akasema, "Moyo utakuwa ule ule popote utakapompeleka."

Basi nikafanya ninachokijua. Nikajenga. Penye ile nyumba ya siku moja sasa pana nyumba ya mawe ambayo watu wa Migori huja kupiga picha. Milango ni mipana ya kupitisha kiti cha magurudumu, hakuna ngazi, sakafu imepanda kwa mteremko laini, chumba cha mbele kina dirisha linalotazama asubuhi. Chumba hicho nilikijenga kwa ajili yake. Kila aliyekiona anajua hivyo.

Nilikwenda Lambwe kumchukua. Akaniuliza, "Kuchukua kwenda wapi?"

"Kwangu. Iko chumba yako."

"Baba halali katika dala ya mwanawe. Hilo hulijui?"

"Dunia imebadilika, baba. Watu wanalala."

"Imebadilika kwako. Mimi nikilala kwako, ile siku yote ilikuwa ya nini?" Akaonyesha wayo wake kwa kidevu. "Hii nayo ilikuwa ya nini?"

Sikumrudia tena neno hilo, wala mke wangu hakumrudia.

Kwa hiyo mimi ndiye ninayesafiri. Mashine za Masara zinasaga zenyewe, nina watu. Nikifika, namwinua kutoka kitandani na kumweka kwenye kiti kirefu, namnyoa ndevu, namsimulia bei ya dhahabu, naye ananisimulia ng'ombe. Amekonda hadi nikimbeba nasikia uzito wa kile chuma upande mmoja. Amekuwa mwepesi kote, ila pale.

Simba yangu, kibanda nilicholala nikiwa kijana, bado ipo karibu na lango. Siku moja mvua ilinyesha sana, barabara ikajaa, nikasema nitajilaza humo. Ni hatua chache kutoka mlangoni pake, akikohoa ningesikia. Baba akageuza uso kunitazama.

"Wuoda, wewe una dala. Mwenye dala halali tena hapa."

"Mvua, baba."

"Naiona. Endesha polepole."

Nikamlaza, nikaweka mto katikati ya magoti yake, nikauinua ule wayo na kuuegemeza kwenye ubao ili usianguke. Akafunga macho kunionyesha kwamba nimeruhusiwa. Nikatoka.