Kikoi Mlangoni, Baruti Mezani

Nakumbuka siku ile, mwanangu, niliyopiga hodi kwa Mzee Kombo mpaka vidole vikauma, naye yumo ndani, namsikia anakohoa, na asiniitikie. Mtu wa Pemba! Watu ambao kwa salamu zao chai inapoa mezani kabla hamjafika kwenye habari za watoto. Nilisimama kwenye ujia wa lile jengo lake la Silver Spring, koti zito mwilini, nikaona kikoi cha buluu kimefungwa kwenye kitasa cha mlango. Nikadhani kimeanikwa kikasahauliwa. Niliondoka nimefura kwa hasira, nikisema moyoni kwamba huyu mzee Amerika imeshamharibu.

Nakuanzia hapo, Mghoi, kwa sababu umekuja kuniomba mashine yangu ya kujazia risasi. Umesema unataka kuanza kwa gharama ndogo kwa kuwa kazi ya ulinzi bado changa na mazoezi ya shabaha yanakumaliza. Vizuri. Nitakupa. Lakini kaa kwanza, na hiyo simu itie mfukoni. Mashine hii ina maneno yake, na siitoi bila maneno hayo.

Miaka ile nilikuwa nalinda lango la ghala moja upande wa Landover. Mlinzi wa tochi na redio, zamu ya usiku, baridi ikiniingia mpaka kwenye meno. Wenzangu wenye bastola walipewa zamu za mchana na mshahara ambao mtu anaweza kuombea mtoto visa. Mtoto mwenyewe ni wewe, nilikuacha Voi kwa bibi yako ukiwa hujaota meno ya mbele ya pili. Kwa hiyo nilitaka kupita ule mtihani wa shabaha unaompa mlinzi bastola kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na sioni haya kusema hivyo.

Mara ya kwanza nilianguka. Kila nikivuta kifyatulio mkono ulishtuka kabla ya mlio, risasi zikaenda kuchimba mchanga. Msimamizi wangu, mtu asiyependa kuzungusha maneno, aliniambia nirudi mwisho wa mwezi unaofuata, na nikianguka tena nibaki na tochi yangu. Nikamwambia, "Nitarudi, na nitapita." Alicheka kidogo. Kicheko kile nilikwenda nacho nyumbani.

Dawa ya mkono unaoshtuka ni mazoezi, na mazoezi yanakula risasi. Majira yale risasi zilikuwa zimeadimika. Watu walizinunua kama waliosikia vita inakuja, na zilizobaki kwenye rafu bei yake ilinifukuza dukani. Ndipo wenzangu kazini wakanielekeza kwa Mzee Kombo, mlinzi mstaafu, aliyekuwa akijijazia risasi zake mwenyewe nyumbani. Ndiyo hiyo siku niliyokwenda akaninyima karibu.

Wiki iliyofuata nilirudi, shida haina kiburi cha muda mrefu. Safari hii kikoi hakikuwapo, na mlango ulifunguliwa kabla sijamaliza kugonga.

"Karibu, karibu mwanangu," akasema. "Na ile hodi yako ya siku ile nayo naijibu leo. Karibu."

"Shikamoo Mzee, lakini nimekukasirikia," nikamwambia.

"Marahaba. Kasirika ukiwa umekaa."

Alinipa chai ya tangawizi, kisha akanipangia vitu vinne kwenye kitambaa: ganda la shaba, fataki ndogo inayokaa kitakoni mwa ganda, baruti kidogo sana, na kichwa cha risasi. "Ukivipanga hivi kwa kipimo chake ndiyo risasi yenyewe," akasema. "Tatizo ni hii baruti. Nikikuitikia hodi, n'nanyanyuka. Nikinyanyuka, nasahau ganda gani nimelitia na gani bado. Ganda lisilo baruti, fataki peke yake itakisukuma kichwa mpaka katikati ya mtutu, kikwame humo. Risasi ya pili ikija nyuma yake, bastola inapasuka mkononi mwako. Ukitia baruti mara mbili pia utajuta. Salamu yako ni haki yako, mwanangu, na nitakupa hata ikichelewa. Mkono wako ukenda, n'takupa nini?"

Akanieleza kwamba kikoi kikiwa kitasani, baruti iko wazi mezani, na hapo hata akija nani, hasemi wala hanyanyuki mpaka kibao cha maganda, kile chenye matundu ya kuyasimamisha, kimeisha.

Kuhusu gharama, mzee yule alikuwa bahili mwenye akili. Alinikataza mashine kubwa inayofanya mambo yote kwa mkupuo, akanitafutia hii unayoiona, ya mkono, iliyokwisha kutumika, inayofanya jambo moja tu kwa kila mvuto. Polepole yake ndiyo inayomfundisha mgeni. Maganda aliniokotesha mwenyewe pale kiwanja cha shabaha, ya aina moja tu, ile ya bastola yangu. Lakini mizani na kitabu cha vipimo alinilazimisha kununua vipya. Nilipojaribu kubishana akanitazama kama niliyeomba kisu nichezee.

Na hakuniruhusu kugusa baruti haraka. Kwanza niliosha maganda na kuyakagua kwenye mwanga, lenye ufa nitupe. Nilikuwa naona siku zinakwenda na mtihani unakaribia, nikamwona kama ananichelewesha kwa makusudi. Hata hivyo nilikaza. Nilipoanza kujaza peke yangu mezani pangu jikoni, alinipa kikoi chake cha pili, cha kijani, bila maelezo.

Sasa sikiliza vizuri. Wiki ya mtihani nilikuwa nimejaza bakuli zima. Alhamisi nilikuwa namalizia kibao cha mwisho, ili Ijumaa niende kiwanjani kutwa nzima, Jumamosi nikaufanye mtihani. Kikoi kilikuwa kitasani. Nimeshatia baruti maganda kadhaa, mengine bado, nikasikia mlango unafunguka.

Alikuwa jirani yangu wa mbele, Mama Bahati, mtu wa Bukavu. Mkononi amekunja kikoi kile vizuri kabisa.

"Dada, nguo yako ulisahau ku mulango," akasema. "Watu bataiiba."

Ningemcheka kama si kwamba mimi mwenyewe nilidhani vilevile kwa Mzee Kombo. Kabla sijamweleza, simu ikalia, namba ya nyumbani. Siku hizo simu ya kutoka Voi haikuachwa ikakatika. Ulikuwa wewe, Mghoi. Ulitaka kujua kama mtihani wangu ni wa kuandika au wa kusoma, nami nikaingia chumbani kukusikiliza. Mama Bahati nikamwonyesha kiti kwa mkono.

Unajua malezi yetu, na ya kwao ni hayo hayo. Mgeni akikukuta unachambua mchele, anavuta sinia upande wake anachambua na wewe. Kukaa mikono mitupu kwenye kazi ya mwenzako ni aibu. Niliporudi jikoni kibao kilikuwa kitupu. Mama Bahati alikuwa ameshavika kila ganda kichwa chake na kuvuta mkono wa mashine kama alivyoniona nikifanya siku nyingine. Risasi zake, zenye baruti na zisizo nayo, alikuwa amezimimina kwenye bakuli, pamoja na zangu za wiki nzima.

"Voilà! Nimekumaliziya," akasema, uso umejaa furaha. "Siwezi kuikala bure ku meza ya mwenzangu."

Mwanangu, nilipandwa na hasira nikahisi masikio yanawaka moto. Lakini utamgombeza vipi mtu aliyekuja kukurudishia nguo yako na akakusaidia kazi? Nikasema, "Asante, Mama Bahati," nikamtengenezea chai. Alipoondoka nilimpigia simu Mzee Kombo.

"Mzee, si nizipime tu kwa mizani? Iliyo tupu itakuwa nyepesi."

"Maganda hayalingani uzito, mwanangu. Baruti yenyewe ni kidogo mno. Ganda zito lisilo kitu litakudanganya."

"Lakini wameni-schedule Jumamosi, Mzee! Sina risasi nyingine!"

Akasema kwa upole ambao ulinichoma zaidi, "Zivunje zote."

Nilikaa nikilitazama lile bakuli. Nilijiambia nyingi ni nzima. Nilijiambia Mungu ananiona na anajua shida yangu. Halafu nikachukua kile kinyundo cha plastiki unachotia risasi ndani yake na kugonga sakafuni mpaka kichwa kichomoke, nikaanza. Jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio, nikaendelea. Kila risasi niliyoivunja ilitoa baruti yake kama inavyotakiwa, na kila mara nilijiona mjinga anayebomoa nyumba yake. Nilikuwa nimeshapita nusu ya bakuli nilipogonga moja, kichwa kikatoka, na baada yake hakikutoka kitu. Nikaligeuza ganda kwenye mwanga. Tupu. Baadaye kidogo, jingine.

Niliketi sakafuni nikalia. Nililia kwa hofu, na kwa kukuwaza wewe, ukiniuliza mtihani wangu ni wa kuandika au wa kusoma, na mimi kesho yake nisingekuwa na mkono wa kushikia hiyo simu. Kisha nikapangusa uso nikazimaliza zote zilizobaki.

Ijumaa asubuhi nilikuwa na bastola, sina hata risasi moja, kwa kuwa usiku wote ulikwisha katika kuvunja. Mzee Kombo alikuja mwenyewe, amevaa kofia ya sufu juu ya kofia yake ya viua, ile iliyodariziwa. Risasi za watu huwezi kupiga, aliniambia, kila mtu apige alizojaza mwenyewe, ndiyo maana hakuniletea zake. Aliikagua bastola kwamba ni tupu, akanipa niikague, akaikagua tena. Kisha akatoa sarafu mfukoni akaiweka kwenye ncha ya bastola.

"Vuta kifyatulio na isidondoke," akasema. "Mkono wako hauogopi bastola, unaogopa mlio. Leo hapana mlio."

Ikadondoka. Ikadondoka tena na tena, mpaka nikaichukia. Mzee aliniokotea kila mara bila kulalamika, na mgongo wake ule wa uzee. Adhuhuri ikapita. Alipotandika msala wake kwa sala ya alasiri, nilikuwa navuta na sarafu imekaa kimya kama imegandishwa. Alipotoa salamu kumaliza sala nikavuta mbele yake tena, akatikisa kichwa kukubali tu, akaanza kuvaa viatu.

Jumamosi nilisimama kwenye mstari, nikapewa risasi za kampuni, zile za kiwandani, nikaiwaza ile sarafu. Nilipita. Msimamizi hakucheka safari hii. Alisema, "Jumatatu asubuhi njoo uchukue sare," akamwita anayefuata.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Kombo na sambusa za moto. Kikoi cha buluu kilikuwa kitasani. Nikapiga hodi mara moja, kwa adabu, nikaketi ngazini nikasubiri. Sambusa zikapoa. Mlango ulipofunguka alinitazama usoni akajua, akasema, "Karibu, askari." Alikwishafariki, Mungu amrehemu, na mpaka leo sijapewa karibu tamu kuliko ile.

Basi haya ndiyo maneno ya mashine. Okota maganda, nunua mashine iliyotumika, anza na aina moja ya risasi, na uwe bahili unavyotaka katika hayo. Mizani na kitabu usivifanyie ubahili. Baruti ikiwa wazi, mlango ufunge kwa ufunguo, kwa sababu mimi nilitegemea kikoi peke yake. Simu ibaki chumba kingine, hata kama ni mimi ninayepiga. Mgeni mpe chai, mpe chakula, mpe kitanda, kazi hii usimpe. Na ukishindwa kuapa kuhusu risasi moja iliyo bakulini, vunja bakuli zima, hata kama mtihani ni kesho.

Mama Bahati, ambaye ndiye aliyekusuka nywele wiki ya kwanza ulipofika, hajui habari hii. Usimwambie. Alinisaidia kwa moyo safi na sitaki moyo huo uguswe na majuto.

Mungu akupe mkono mtulivu na macho ya kuona kilicho kitupu kabla hakijakudhuru. Akupe majirani wema, na subira ya kuwasubirisha. Haya, beba mashine. Kikoi cha kijani kiko chini ya boksi. Siku nitakapokuja kwako nikakikuta mlangoni, usihangaike kuniitikia. Nitakaa ngazini.