Kitanda cha Springi na Posa ya Winga

Kitanda kilifika kabla ya mtu. Kilipita mbele ya nyumba yetu Changamwe kimebebwa kichwani na wanaume wawili, kitanda cha chuma chenye springi, na nyuma yake mwenyekiti wa klabu ya mpira ya mtaa wetu akitembea polepole kama anayesindikiza jeneza la chifu. Nyumbani kwetu mimi na dada yangu tulilala kitanda kimoja cha kamba, miguu ya huyu usoni mwa huyu. Mama alitoka mlangoni akauliza nani mgonjwa.

"Hapana mgonjwa, mama," mwenyekiti akajibu. "Ni winga."

Mwenyekiti alikuwa na duka. Vita vikuu vya pili vilikuwa vimekwisha lakini sukari haikuwa imepata habari hizo, ilikuwa bado ya mgao, na mgao wote wa mtaa wetu ulipita mikononi mwake. Akina mama walipanga foleni mpaka jua likawachoma utosini, kisha wakaambiwa imekwisha, rudini Jumatatu. Lakini jioni ya mazoezi, chai ya wachezaji barazani kwake ilikuwa tamu kiasi kwamba sisimizi nao walijiandikisha klabuni. Mimi ni mtu wa haya, sikuwahi kusema neno dukani pale. Nilikuwa nikirudi na kikopo kitupu, naandika kwenye daftari langu maneno ambayo nisingethubutu kumwambia mtu.

Winga mwenyewe alikuja siku ya pili. Alikuwa mtu wa bara aliyeachwa na jeshi, mrefu, mweusi wa kung'aa, anayetembea kama ardhi ni yake na anaikodisha. Alikuja juu ya baiskeli mpya, na nyuma ya baiskeli amefunga sanduku la santuri. Haikuchukua muda mtaa mzima ukajua habari za vyombo hivyo. Santuri alipewa na klabu moja ya Kisauni ili awachezee. Baada ya msimu mmoja klabu ya Likoni ikampa baiskeli, akavuka feri na santuri yake. Sasa ilikuwa zamu yetu, nasi tulitoa kitanda, godoro, viatu vya mpira vya ngozi, na kazi kwenye ghala la rafiki yake mwenyekiti. Kazi yenyewe ilikuwa kuangalia magunia yasitoroke. Alikaa juu ya gunia moja akiyaangalia mengine.

Sitasema uongo, mpira aliujua. Nilikwenda kumtazama mara nyingi kuliko ilivyomfaa msichana wa shule ya misheni, na si mpira peke yake niliokuwa nautazama, miguu yake pia ilikuwa mizuri. Akipewa mpira kule kushoto, mabeki walibaki wakimtafuta kama watu waliopoteza ufunguo. Lakini nilimwona pia yule kijana wa mtaani kwetu, mchukuzi wa bandarini, aliyecheza upande huohuo pekupeku tangu utoto. Siku winga alipofika, kijana yule aliambiwa ashike viatu vya mgeni mpaka mgeni atakapovihitaji. Akavishika. Watu walicheka, na nadhani walimcheka kwa sababu alivishika vizuri.

Tukaanza kushinda. Tukafuzu kuingia fainali ya kombe. Na hapo ndipo alipotokea mtu mwenye kofia ya pama, akasimama pembeni ya uwanja bila kupiga makofi. Alikuwa ametumwa na timu ya kampuni moja ya Nairobi. Mechi ya siku ile ilipokwisha alimshika winga mkono, wakaongea muda mrefu, na kamati nzima ya klabu ikatazama mkono ule kama unaingia mfukoni mwao.

Jioni yake walikuja kwetu. Baba yangu alikuwa karani wa bandari, mzee wa kanisa, na mpenzi wa mpira asiye na dawa. Walikaa barazani, nami nikaleta sinia la chai. Mgeni akinisemesha sinia hutetemeka, kwa hiyo niliinamisha kichwa, wakaongea kama mimi ni meza.

"Mtu asiye na mke ni upepo," mwenyekiti alisema. "Wallahi, tukimpa Nairobi mwanya tu, amekwenda. Tumfunge."

"Kwa kitu gani?" baba akauliza. "Kitanda mshampa."

Mwenyekiti aligeuza uso kuelekea jikoni, na katibu wa klabu akaugeuza wake, na baba mwisho akaugeuza na yeye. Dada yangu alikuwa huko akichekecha unga.

Dada alikuwa na miaka ishirini hivi, akifundisha watoto wadogo kusoma katika shule ya kanisa. Mtu mpole, ila si mpole wa kusukumwa. Mwenyekiti alieleza kwamba klabu ingegharimia kila kitu: mbuzi wangetoka Mwakirunge, na tembo la mnazi la posa, kadzama nzima, yaani kibuyu kizima, lingeletwa kwa heshima zote kama mila zetu zinavyotaka. Baba asingekuwa na la kufanya ila kukubali.

Mama alisikia yote. Wageni walipoondoka alimsimamia baba pale kitini.

"Mtoto wangu si kigingi cha kufungia mbuzi wa watu."

"Ni kijana mzuri. Ana kazi."

"Kazi gani? Ya kukaa?"

"Anakaa ghalani, bwana. Ghalani!"

Kesho yake gunia dogo la sukari lilifika mlangoni petu bila foleni. Njiani wanaume walianza kumwita baba mkwe. "Mkwe, Jumamosi tunashinda ngapi?" Na uwanjani aliwekewa kiti mstari wa mbele, karibu na mwenyekiti, mahali ambapo zamani walikaa wenye magari tu. Alikaa juu ya kiti kile akiwa amenyoosha shingo, mzee wa watu, akipunga mkono kwa watu asiowajua. Nilimpenda baba yangu, na nilimwonea aibu mpaka masikio yakaniwaka.

Nilimuuliza dada bombani, tukingoja ndoo zijae.

"Wampenda?"

"Namtazama," akasema. "Kumtazama si dhambi, hata wewe wamtazama."

Nikainamia ndoo.

"Ningejua ananitaka mimi, ningefikiri," akaendelea. "Si mtu mbaya. Lakini tangu aje amenisemesha mara moja. Aliniuliza kama najua kupiga pasi bukta."

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia bukta yake ina mikono miwili ya kuipigia pasi, yake mwenyewe."

Posa ikapangwa Jumapili baada ya kanisa, wiki moja kabla ya fainali. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuja kutoka Rabai kusimamia, maana kwetu mzazi hamuozi binti yake peke yake. Kamati walikuja wamevaa tai, shingo zimekazwa. Winga alikuja nyuma yao juu ya baiskeli ya Likoni, amenyoa vizuri, ananukia sabuni. Mbuzi walifungwa nyuma ya jikoni, kadzama ikawekwa katikati ya mkeka. Mimi nilikaa mlangoni pa jikoni pamoja na mama.

Baba mkubwa alikuwa mtu wa maneno machache, na yale machache aliyatafuna kwanza.

"Wazee wa kijana ni nani hapa?"

"Sisi," mwenyekiti akasema.

"Ninyi ni ukoo gani?"

Wakatazamana. Katibu akasafisha koo. "Sisi ni kamati."

"Kamati." Baba mkubwa alilitafuna neno hilo kwa muda. "Mtoto akizaliwa, kamati itakuja kumpa jina? Tukifiwa, kamati itakuja kukaa matanga?"

"Inshallah," mwenyekiti akasema, "kama siku hiyo hatuna mechi."

Mama akajifunika kanga mdomoni. Mwenyekiti aliona maneno hayakukaa vizuri, akasimama kutoa hotuba. Alisema wamemchunguza binti na wameridhika naye, ana afya, ana nidhamu, hana tabia ya kutoroka. Mimi nilikuwa nimesikia maneno yaleyale barazani petu wakati walipomsajili golikipa. Kisha akamsifu winga.

"Kijana huyu anajua kutunza. Kisauni walimpa santuri, mpaka leo inaimba. Likoni walimpa baiskeli, itazameni pale, haina kutu hata chembe. Mkimpa mtoto wenu atamtunza vilevile."

Nilimwona baba anainamisha kichwa. Nadhani ndipo alipoanza kusikia.

Dada akaitwa. Mila yetu ni kwamba tembo la posa halinywewi mpaka binti aulizwe mbele ya pande zote mbili, na asiposema, hakuna aliye na ruhusa ya kugusa kibuyu. Wasichana wengi husema ndiyo wakitazama mkeka, na wazee huwa wameshika vikombe tayari. Kamati nao walikwisha kushika.

"Mwanangu," baba mkubwa akasema, "tembo hili tulinywe, tusilinywe?"

"Abee, baba mkubwa. Nina swali kwanza, ila si lako."

Akamgeukia winga. Sikuwahi kumwona dada akimtazama mwanamume machoni hivyo.

"Wewe. Hawa wasingekuleta, ungekuja?"

Swali jepesi. Mtoto wa darasa lake angelijibu. Winga akafungua mdomo, kisha akageuza uso akamtazama mwenyekiti. Nikaujua ule mtazamo. Ndio aliokuwa akimtupia kila mpira ukitoka nje ya mstari, kutaka kujua abaki kushoto au aingie kati. Mwenyekiti akatikisa kichwa, ndiyo.

"Ningekuja," winga akasema.

Hata katibu alishusha kikombe. Dada alitabasamu kidogo, na niliona ilimuuma, maana alikuwa amempa nafasi ya kweli.

"Umejibu vizuri," akamwambia, "ila umengoja filimbi. Baba mkubwa, msilinywe."

Mwenyekiti aliruka. "Mzee, haya ni mambo gani? Fainali ni Jumamosi! Binti hajui anachokataa!"

"Anajua," baba mkubwa akasema, tayari anatafuta fimbo yake. "Chukueni kibuyu chenu. Na mbuzi msisahau, wanakula kunde za shemeji."

Walikwenda na tembo lao, na kabla ya kufika barabarani tulisikia wanalinywa. Winga alisimama kidogo karibu na baiskeli yake. Nilidhani atarudi aseme jambo, na nilipotazama uso wa dada niliona naye alidhani hivyo. Mwenyekiti akamwita. Akapanda, akaenda.

Jumatano alikuwa kwenye garimoshi la Nairobi na yule mwenye kofia, yeye, santuri na baiskeli. Kitanda tu ndicho kilichobaki, wapagazi wa stesheni walikataa kukipandisha. Jumamosi yule kijana mchukuzi aliambiwa aingie kushoto, na viatu vya kuazima walivyomwekea vilikuwa vikubwa mno, akavivua akacheza pekupeku. Alicheza vizuri. Aliyetufungisha ni golikipa wa kusajiliwa, aliyeuacha mpira ukapita kati ya miguu yake akiutazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Lakini kamati haikumlaumu golikipa, maana wao ndio waliomchagua. Ilimlaumu dada yangu.

Watoto walimfuata njiani akienda shule. "Mke wa winga! Rudisha kombe!" Na watu wazima, watu wenye wake na ndevu, walicheka. Alipita na chaki zake mkononi bila kuongeza mwendo. Mimi nilitembea nyuma yake, na majibu yote niliyokuwa nayo yalikuja nikiwa nimekwisha kufika nyumbani.

Dukani sukari ikatuishia sisi peke yetu. Nilikuwa naliona gunia limefunguliwa nyuma ya kaunta, nami naambiwa rudi Jumatatu. Baba alikunywa chai yake chungu akikunja uso kila funda, na kiti chake cha mbele akapewa mtu mwingine. Hakumlaumu dada hata siku moja. Asubuhi moja tu, dada akimmiminia chai, alisema bila kumtazama, "Nilitaka kukaa mahali pazuri nitazame mpira, mwanangu. Ni hilo tu." Dada akamwambia, "Najua, baba," akamjazia kikombe.

Msimu mpya ulipokaribia nilikaa barazani na baba, nasoma, nikasikia chuma kinalia. Kitanda kilekile kilikuwa kinapita tena kichwani mwa watu wawili, springi zimeshika kutu. Mwenyekiti alikuwa nyuma yake. Safari hii, akasema, ni senta fowadi, kutoka mbali, na mtu kama huyo ukiwahi kumwona hutalala. Alisimama mbele yetu akafuta jasho, kisha macho yake yakatua kwangu, yakakaa.

"Mzee, yaliyopita yamepita," akamwambia baba. "Hebu, huyu mdogo anasoma mpaka lini?"

Baba alichukua kikombe chake polepole. "Muulize mwenyewe. Kwetu wanaulizwa."

Nilifunga kitabu. Nilisimama, maana mwenyekiti ni mtu mzima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti."

"Nasoma mpaka klabu yenu itakapochukua kombe."

Wabeba kitanda walikitua chini ili wacheke vizuri. Baba alikohoa ndani ya kikombe cha chai isiyo na sukari, akakohoa tena, mabega yakimtikisika, na nilikuwa nimekwisha kukimbilia jikoni.