Safu ya Nyuma

Miezi ya kwanza ya ndoa yangu, katika miaka ya sabini, niliishi Rungwe nyumbani kwa wakwe zangu, nikisubiri mume wangu apate nyumba ya kupanga Mbeya mjini. Mimi ni mtu wa Iringa, Kinyakyusa sikukijua. Isitoshe, mila ya wazee wa pale ilimkataza mkamwana kuonana ana kwa ana na baba mkwe wake. Akiingia uani, nilitokea mlango wa jikoni. Tukikaribiana njiani, niliingia migombani hadi apite. Mila hiyo ni heshima, nami niliitii. Lakini aliyeondoka kwao huhitaji ishara kwamba amepokelewa, na ishara hiyo sikuwa nayo.

Barazani palikuwa na bao la baba mkwe: safu nne za mashimo, na kete za mbegu ngumu za mgomba mwitu. Siku moja mwenzake wa kucheza aliitwa kwao kabla mchezo haujaisha. Asubuhi iliyofuata, mzee akiwa malishoni, nilifika hapo na ufagio nikaona upande wa yule aliyeondoka una nafasi nzuri ya kula. Mkono ulitangulia akili. Nilikula, nikazisambaza kete kama baba yangu alivyonifundisha.

Jioni nikisonga ugali, sauti ya mzee ilisikika nyuma ya ukuta, kwa Kiswahili, ingawa aliyeambiwa ni mkewe.

"Mama, mwambie huyo anayefagia: mimi sihurumiwi kama mgonjwa! Kala shimo la mbele, la nyuma kaliacha limejaa."

Mama mkwe alicheka. "Umesikia, mwanangu? Mzee kanuna."

Nami nikamwelekea yeye. "Mama, sikumhurumia. Kwa baba yangu, anayekula huchukua la mbele tu. Safu ya nyuma ni akiba ya mwenyewe, haiguswi."

"Mchezo gani huo wa kuachiana ghala?" ukuta ukauliza.

"Mchezo wa subira, Mama."

"Semeni wenyewe!" akafoka mama mkwe. "Mimi napika, si posta."

Nililala nikihofu kwamba nimemkosea mzee niliyetamani anipende.

Kulipokucha alikuwa amekwisha kutoka na ng'ombe. Nilikwenda barazani. Alikuwa amecheza zamu yake: shimo langu la mbele alikuwa amelila, na la nyuma yake lilibaki limejaa. Nilihesabu upya kete zote. Kwa sheria yake mwenyewe angezoa yote mawili, na mchezo ungekwisha hapo.

Tangu hapo tulicheza zamu moja kila siku, kila mmoja wakati mwenzake hayupo. Sheria zikaanza kuhama. Mimi nilichukua kwake namna ya kuanza, kete mbili kila shimo. Kisha nikaleta sharti kutoka kwenye drafti ya kaka zangu, ambayo kete zake zilikuwa vizibo vya soda: mwenye nafasi ya kula hana ruhusa ya kuipita. Nilimweleza mama mkwe kwa sauti ya kutosha kuvuka ukuta.

Ukuta ukajibu.

"Mama, mwambie mwanangu sheria hiyo ni ya vizibo. Lakini nitaijaribu."

Mama mkwe aliacha kukoroga mboga. "Umesikia alivyokuita?"

Nilikuwa nimesikia. Niliinamia moto, nikauchochea, ingawa ulikuwa ukiwaka vizuri.