Jina Ambalo Ndugu Yangu Hakulitaja

Ndugu yangu mkubwa alianguka na baiskeli kwenye mteremko wa Kebirigo, nyuma amefunga mkungu wa ndizi, akagonga kichwa kwenye jiwe. Ndizi hazikuumia. Yeye alizimia mpaka jioni. Kidonda kilipopona, hospitalini Kisii wakasema lazima apimwe akili, na akishindwa atapelekwa Nairobi, kule wanakofungiwa wenye wazimu. Nikasema tutaona. Nikaenda naye.

Daktari Mzungu alikuwa na ubao wenye matundu, na vipande vya mbao vya kujaza matundu hayo. Ndugu yangu akavipanga vyote upesi, akauliza, "Kazi ni hii tu?" Nikapiga makofi. Dresa wa kufunga vidonda, Mjaluo mrefu aliyekuwa anatafsiri, akaniambia nifunge mdomo.

Halafu maswali. Mke anaitwa nani? Akajibu. Baba yake mke anaitwa nani? Ndugu yangu akaangalia sakafu. Akaulizwa tena. Akaangalia dari. Una watoto wangapi?

"Wapo."

"Wangapi?"

"Wapo tu. Wanakula vizuri."

Daktari akatikisa kichwa, akachukua kalamu.

Damu ikanipanda. Kwetu jina la baba mkwe halitoki mdomoni, na watoto hawahesabiwi kama mbuzi wa mnada. Nikaruka: "Wewe dresa, mwambie mzungu wako aulize maswali ya watu! Mwenye wazimu ndiye angejibu hayo!"

"Toka nje, kijana!"

"Sitoki! Nitoe wewe!"

Ndugu yangu akanigeukia. "Kaa chini, unanitia aibu. Asubuhi umegombana na mwenye lori, sababu amekuweka nyuma na kuku. Mlangoni umegombana na askari, sababu amekuuliza unatoka wapi. Na Sabato iliyopita mhubiri alisoma habari ya ulimi, nikakuangalia, wewe umelala!"

Dresa akatafsiri yote, anajizuia kucheka. Daktari akanitazama. Ni kweli?

"Ni kweli," nikasema, "lakini yule wa lori ndiye aliyeanza."

Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Akamuuliza dresa habari ya lile jina.

"Hata kwetu, Bwana, mkwe ni mkwe."

Kalamu ikawekwa chini. Ndugu yangu arudi nyumbani, ila baiskeli aipumzishe kwanza.

Tulipofika mlangoni dresa akamwita. "Na huyu mdogo wako, yeye alianguka wapi?"

"Huyu? Huyu alizaliwa hivyo."

Nikafungua mdomo nimjibu, lakini ndugu yangu alikuwa ameshanikamata shati, ananivuta nje.