Maji ya Chumvi ya Baba

Nchi haikufungwa. Mimi ndiye niliyefunga. Wakati ule wa korona watu wa mtaa wetu wa Mwembesongo waliendelea na soko, ibada na misiba kama kawaida, na sisi wawili tukawa ndani ya nyumba yangu ya vyumba viwili, geti limepigwa kufuli mchana kutwa. Baba alikuwa ameshuka kutoka Matombo, kijijini kwetu mlimani, kwa ajili ya kliniki ya ini. Daktari alikuwa amemwambia ini limesinyaa, maji yanaweza kujaa tumboni, na asiguse chumvi. Baba alikuja kwa wiki mbili. Nikamkalisha miezi minne.

Nilikuwa mkali miezi ile. Nashonea nyumbani, na mteja akija kuchukua gauni nilimpitishia juu ya geti, nikamkataza kumpa baba mkono. Baba alikaa dirishani kwenye kiti cha plastiki akitazama mlima. Wingu likishuka asubuhi aliniambia leo kwetu kunanyesha, migomba itaanguka na hakuna wa kuiwekea miti. Akaomba arudi. Nikamjibu kuwa mtu mwenye ini kama lake akiupata ugonjwa huu haponi. Kliniki nayo nikaifuta, maana niliona hospitali ndiko ugonjwa uliko. Nilimchunga kutwa nzima na mimi mwenyewe sikutoka, hadi zikafika siku nikamchukia kwa kuumwa kwake. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Chakula chake nilikipika bila chembe ya chumvi. Alikula amekunja uso, nami nikajisifu moyoni kwamba hakuna mtoto anayemtunza mzazi kama mimi.

Siku hizo kila mtu alikuwa akisukutua koo kwa maji ya moto, limao na chumvi. Nikamkorogea baba kikombe, mara tatu kwa siku. Nilimwambia asukutue kisha ameze, koo lisafike mpaka chini, na nilisimama mbele yake hadi amalize. Haikunijia hata siku moja kwamba chumvi ya kikombe na chumvi ya sufuria ni ile ile. Kwangu mimi ya kikombe ilikuwa dawa.

Tumbo likaanza kutoka. Jirani alimsalimia akiwa getini, shikamoo mzee, akasema naona umenawiri, mwanao anakulisha vizuri. Nilifurahi sana. Nikampanulia suruali kiunoni kwa cherehani yangu mwenyewe, mara mbili. Kabla sijampanulia mara ya tatu miguu ilikataa kuingia kwenye kandambili, na akilala alihema kwa shida. Ndipo nikafungua geti.

Hospitalini, daktari alikuwa binti mdogo mwenye barakoa. Alibonyeza mguu wa baba, kidole kikaacha shimo. Akaniuliza mimi kwanza kuhusu chumvi, nikajibu kwa kujiamini kwamba haigusi kabisa. Halafu nikakikumbuka kikombe. Daktari akamgeukia baba.

“Mzee, chumvi unaitoa wapi?”

“Naiba jikoni, binti yangu,” baba akasema. “Chakula cha huyu hakiliki.”

Akakemewa kama mtoto wa shule. Aliinamisha kichwa, akaahidi kwamba hatarudia. Nami nikaagizwa nimfichie kopo la chumvi, nikaitika sawa daktari. Walimtoa maji tumboni, mengi kuliko nilivyodhani mtu anaweza kuyabeba, na mimi nilikaa pembeni nimemshikia shati lake. Nilinyamaza pale, nikanyamaza kwenye bajaji njia nzima. Tulipofika nyumbani nikashindwa. Nikamwambia ni mimi, ni vile vikombe, nikalia, nikamuuliza kwa nini amejisingizia wizi.

Alishika ukingo wa kiti, akakaa taratibu.

“Mwanangu, ningesema ni wewe, ungeogopa zaidi,” akasema. “Na wewe ukiogopa, unafunga.”